Kuchagua vakyumu ya nyumba ya Mombasa, hatua kwa hatua

Ramadhani ikikaribia, na tena siku chache kabla ya Idi, watu huanza kutoa makochi nje na kukung'uta mazulia, nami huanza kuulizwa maswali yale yale. Vakyumu ya wati ngapi ndiyo nzuri? Ya betri itatosha? Ile kubwa kama pipa si ndiyo inayovuta zaidi? Hii aliyoniletea shangazi kutoka Marekani mbona imetoa moshi siku ya kwanza? Nimeyajibu yote hapa, kwa mpangilio ambao mtu anapaswa kununua nao.

Kubwa nalisema mapema: sakafu yako na vumbi lako ndivyo vinavyochagua mashine, wala si namba iliyochapishwa kwa wino mwekundu kwenye boksi. Nyumba za huku zina mambo yake. Mchanga huingia na viatu kila siku, kuta za mawe za zamani hupukutisha chokaa, na hewa ina unyevu na chumvi mwaka mzima. Mashine aliyoisifu binamu yako wa Nairobi, mwenye kapeti ukuta hadi ukuta, yaweza isikufae hata kidogo.

Na wengine hamhitaji kabisa. Kama nyumba ni simiti au vigae vitupu, mikeka miwili na viti vya mbao, fagio na deki vinamaliza kazi kwa dakika kumi bila tokeni za stima. Vakyumu inaanza kulipa pale palipo na zulia, makochi ya kitambaa, magodoro mengi, paka, au mtu mwenye pumu.

Vya kuwa navyo kabla ya kutoka nyumbani

- Futi ya kupimia, au kamba yenye mafundo ya mita mita.
- Orodha ya vyumba na sakafu ya kila kimoja. Simu yatosha kuandikia.
- Mchanga mkavu kiganja kimoja, ndani ya bahasha. Utaona kazi yake kwenye hatua ya 7.
- Pesa zilizogawanywa mafungu mawili: la mashine, na dogo la vifuko na filta za mwaka wa kwanza. Asiyeweka fungu la pili ndiye anayerudi kulalamika.

Hatua ya 1: Kagua sakafu na zulia

Pita chumba kwa chumba. Andika palipo na vigae, simiti, zulia, mkeka, ngazi. Kisha fanya jambo moja ambalo karibu hakuna anayelifanya: pindua pembe ya zulia la ukumbini, igonge kwa mgongo wa mwiko mara kadhaa, uangalie kinachoanguka sakafuni. Kikianguka mchanga wa kuhesabika, zulia lako linahitaji kufagiwa vizuri tu. Ukianguka mchanga wa kujaza kijiko, basi umezama kwenye mizizi ya nyuzi, fagio halitaufikia, nawe unahitaji mashine yenye kuvuta kweli na kichwa kinachokaa bapa juu ya zulia.

Hapo hapo pima umbali kutoka kila soketi hadi kona ya mbali zaidi ya chumba. Nyumba nyingi za Mji wa Kale zina soketi moja kwa chumba, tena nyuma ya kabati. Mashine yenye waya wa mita 5 itakutesa. Tafuta ya mita 7 kwenda juu.

Hatua ya 2: Lijue vumbi lako

Mchanga ni mzito na unakwaruza. Unataka hewa nyingi inayopita kwa kasi, na pipa au mfuko usiopasuka kirahisi. Katika mashine zisizo na mfuko, lile kopo la plastiki angavu litapata mikwaruzo hadi lisionyeshe kitu. Haliharibu kazi, ila usije ukashtuka.

Chokaa na unga wa bungua kutoka kwenye milango ya zamani ni vumbi laini mno. Hupita kwenye mfuko wa kitambaa kama chai kwenye chujio, huziba filta na mwisho huingia kwenye mota. Mwenye nyumba ya mawe anunue mashine inayokubali mfuko wa karatasi au wa kitambaa kisichofumwa, ule wa kutumia na kutupa.

Nywele, za watu na za paka, hujiviringisha kwenye burashi inayozunguka. Unaweza kuishi nazo mradi burashi itoke kwa mkono bila bisibisi.

Halafu kuna lile usiloliona. Wadudu wadogo wa vumbi, wasioonekana kwa macho, huishi kwenye magodoro, mito na mazulia, na unyevu wa Pwani unawafaa sana. Kinyesi chao ndicho kinachowasumbua wengi wenye pumu na mafua ya mzio. Kwa nyumba kama hiyo, filta ndiyo ya kuangalia kwanza, hata kabla ya nguvu ya kuvuta.

Hatua ya 3: Chagua umbo

Watu hukosea hapa kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

*Ya kuburuta.* Ina mwili mdogo wenye magurudumu, hozi, bomba na kichwa cha sakafu. Kama hujui ununue ipi, nunua hii. Inafaa vigae, inafaa zulia, kichwa chake kinaingia chini ya kitanda, na ngazini unaibeba kwa mkono mmoja. Hakikisha kichwa kina kibonyezo cha kushusha na kupandisha burashi: burashi ishuke kwenye vigae, ipande kwenye zulia. Hakikisha pia mshikio wa hozi una kidirisha cha kupunguza mvuto. Bila hicho, siku utakayopitisha kwenye mkeka wa ukili au pazia, mashine italikamata na kuling'ang'ania.

*Ya pipa, ya kukausha maji na kufyonza vumbi.* Hii inapendwa sana madukani, na sababu ipo: mvua kubwa ikiingia chini ya mlango, au eyakondishani ikivuja, inanyonya maji yote. Inafaa pia kwa anayeosha makochi na mazulia mwenyewe, na kwa nyumba inayokarabatiwa. Ubaya wake ni makelele, ukubwa, na kichwa cha sakafu ambacho mara nyingi ni kigumu na cha kikarakana. Anayekaa ghorofa ya 4 bila lifti aifikirie mara mbili. Na kabla ya kufyonza maji, toa mfuko na filta ya karatasi, vika ile sponji ya maji. Ukisahau, karatasi inageuka uji.

*Ya kusimama*, ile ya kusukuma kama mashine ya kukata nyasi, ilibuniwa kwa nyumba zenye kapeti kila mahali. Juu ya vigae burashi yake inayozunguka huurusha mchanga nyuma yako. Kwa nyumba nyingi za huku, iache.

*Ya fimbo, ya betri.* Nyepesi, haina waya, haina taabu ya soketi. Lakini ule muda ulioandikwa kwenye boksi, tuseme dakika 40, ni wa mvuto wa chini kabisa. Ukiiweka kwenye mvuto wa juu, ambao ndio utakaoutaka kwa zulia lenye mchanga, huenda isifike dakika 10. Joto pia huzeesha betri za lithiamu mapema, kwa hiyo usiiache ndani ya gari wala dirishani penye jua. Naipendekeza kwa flati ndogo ya vigae, au iwe ya pili nyumbani. Ukiinunua, hakikisha betri inachomoka na inauzwa peke yake.

*Roboti.* Vizingiti vya milango, pindo za mazulia, mikeka inayokunjika. Ukiwa na flati mpya ya Nyali yenye sakafu tambarare, jaribu. Kwingine itashinda imekwama chini ya kochi ikilia.

*Ya gari*, ya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti la volti 12, ni ya gari. Haitasafisha nyumba.

Hatua ya 4: Soma kibandiko cha umeme

Geuza mashine, tafuta kibandiko chini au nyuma. Stima yetu ni volti 240, hezi 50. Unataka kuona 220–240V. Hapo ndipo lilipo jibu la ule moshi wa shangazi: Marekani na Kanada wanatumia volti 120, Japani 100. Ukichomeka mashine yao kwenye soketi ya hapa, mota inapata umeme maradufu na kuungua, wakati mwingine kabla hujamaliza kusema bismillahi. Kubadilisha plagi hakubadilishi volti. Transfoma ya kubeba mashine ya wati 1,200 ipo, lakini ni nzito na ghali; afadhali umshukuru shangazi ununue nyingine.

Zinazotoka Dubai, Omani au Uingereza kwa kawaida hazina shida. Volti zinalingana na plagi ni ile ile ya miguu mitatu ya bapa. Za betri nazo ni hadithi nyingine: angalia chaja yake. Ikiandikwa 100–240V, haijali imetoka nchi gani.

Tahadhari: plagi hiyo ya miguu mitatu ina fyuzi ndani. Ikikatika, weka fyuzi ya ampea zile zile. Kuna mafundi wanaoziba pengo kwa karatasi ya fedha ya sigara au kipande cha waya. Nyumba huungua hivyo.

Kama unatumia inveta ya sola, hakikisha uwezo wake unaipita mashine kwa mbali, maana mota huvuta umeme mwingi zaidi sekunde inapowaka. Inveta ya wati 1,000 haiwezi vakyumu ya wati 1,600.

Hatua ya 5: Usinunue wati

Muuzaji atakwambia, "Mama, hii ni elfu mbili mia mbili, inang'oa hadi vigae!" Wati ni umeme ambao mashine inakula. Kiasi gani cha umeme huo kinageuka kuwa mvuto kwenye kichwa cha sakafu ni jambo jingine kabisa, na linategemea mota, hozi, filta na kichwa chenyewe. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha wati 1,600 kwa vakyumu za nyumbani kuanzia Septemba 2014, kikashushwa hadi 900 Septemba 2017, na watu wa huko wanaendelea kusafisha mazulia yao kama kawaida.

Kwenye tokeni hesabu ni nyepesi. Mashine ya wati 1,600 ikifanya kazi nusu saa inakula uniti 0.8. Ya wati 800, kwa muda huo huo, uniti 0.4.

Ukitaka namba za kulinganisha, tafuta mvuto, unaoandikwa kwa kilopaskali (kPa), na kiasi cha hewa kinachopita, kwa lita kwa sekunde. Uzipate zote mbili. Mvuto mkubwa wenye hewa kidogo hautaubeba mchanga.

Hatua ya 6: Filta, mfuko na vipuri

Mashine yenye mfuko hugharimu kila mwezi, lakini unapoutupa vumbi halikurudii usoni. Isiyo na mfuko haina gharama hiyo, ila kuimwaga ni kazi ya nje, upepo ukiwa nyuma yako. Nyumba yenye pumu ichukue yenye mfuko, na filta ya HEPA daraja la H13, inayokamata, katika kipimo chake, asilimia 99.95 ya zile chembe ndogo zilizo ngumu zaidi kukamatwa. Maneno "aina ya HEPA" yasiyo na daraja hayana maana yoyote. Ni mapambo ya boksi.

Sasa, kabla hujauliza bei ya mashine, uliza hivi: "Mna vifuko vya hii? Filta yake ni pesa ngapi? Naomba nizione." Narudia, uzione. Ahadi ya "tutakuagizia" isikulaze. Kama hawana, ulizia maduka mengine ya vyombo vya umeme Moi Avenue na Digo Road kabla ya kulipa. Mashine ya kawaida yenye vipuri Mombasa ni bora kuliko ya fahari ambayo filta yake haipatikani Afrika Mashariki nzima.

Kwa sababu ya chumvi ya hewani, chagua bomba la alumini au plastiki. La chuma lililopakwa rangi ya fedha huanza kufanya kutu kwenye maungio, na siku moja vipande viwili havitaachana tena.

Hatua ya 7: Ijaribu dukani kwa mchanga

Ili akuonyeshe ubora wa mashine, muuzaji atatupa vipande vya karatasi juu ya kapeti la duka, nayo itavimeza vyote kwa sekunde. Usishangilie. Karatasi hata pumzi ya mtoto inaipeperusha. Toa bahasha yako, useme, "Kaka, naomba nijaribu na hiki." Nyunyiza mchanga kidogo kwenye kapeti, ukanyage kwa kiatu mara mbili tatu hadi uzame, kisha pitisha kichwa kwenda na kurudi, mara mbili tu. Papasa kwa vidole. Ukiusikia mchanga bado, umeshapata jibu.

Halafu ziba mdomo wa hozi kwa kiganja. Sauti ya mota inapaswa kupanda juu na ngozi kuvutwa ndani. Huku umeziba, mwenzako apitishe mkono kwenye maungio ya hozi na mwili. Anayesikia hewa ikifyonzwa hapo amepata tundu. Mashine mpya haitakiwi kuvuja.

Mwisho ibebe, utembee nayo hatua chache. Sikiliza makelele pia, hasa ukiwa na jirani ukuta kwa ukuta.

Duka likikataa kukuwashia, nenda la pili. Ukiridhika, chukua risiti yenye tarehe, kadi ya dhamana iliyopigwa mhuri, na uulize mashine ikiharibika inatengenezwa hapa hapa au inapelekwa Nairobi.

Hatua ya 8: Siku za kwanza nyumbani

Vuta waya wote nje kabla ya kuwasha. Ukitumia waya wa kuongezea, ufungue wote pia. Waya uliobaki umeviringwa hupata joto.

Anza na godoro na makochi, umalize na sakafu. Kwenye zulia nenda polepole, kwa mwendo wa mtu anayepiga pasi. Mwendo wa haraka unachukua nywele na kuacha mchanga.

Ukimaliza, chomoa. Stima ikipotea katikati ya kazi, chomoa pia, usisubiri irudi na mashine ikiwa kwenye soketi. Filta ya kuoshwa ioshe kwa maji matupu na uianike kivulini saa 24; wakati wa masika, hasa Mei, ipe siku mbili. Kuirudisha ikiwa mbichi ndiyo asili ya ile harufu ya uvundo. Wenye busara huwa na filta mbili.

Vitu vitatu visiingie kamwe kwenye mashine ya vumbi kavu: maji, hata tone la maji ya deki, majivu ya jiko au ya chetezo, hata yakionekana yamepoa, maana kaa moja la udi latosha kuwasha mfuko, na unga wa simiti au jipsamu baada ya fundi kutoboa ukuta. Huo wa mwisho uufagie kwanza kwa fagio lililoloweshwa kidogo.

Ikigoma

*Inanguruma lakini haivuti.* Mimina pipa au badilisha mfuko kwanza. Bado? Angalia filta. Bado? Chomoa hozi, dondosha sarafu ndani. Isipotokea upande wa pili, kuna soksi au ganda la embe lililokwama. Sukuma kwa mpini wa fagio, taratibu, usitoboe.

*Imezimika yenyewe katikati ya kazi.* Mota imepata joto na kinga yake imeikata. Chomoa, safisha palipoziba, iache ipumzike karibu saa nzima. Ikizoea kuzimika hata ikiwa safi, mpelekee fundi.

*Inanuka.* Uvundo ni unyevu: tupa mfuko, kausha filta, futa pipa. Harufu ya mpira unaoungua kwenye mashine yenye burashi ya kuzunguka mara nyingi ni mkanda, na nywele ndizo zilizouminya. Zikate kwa mkasi.

*Inatoa vumbi kwa nyuma.* Filta haikukaa sawa, au mfuko umetoboka. Zima mara moja, vumbi hilo linapita kwenye mota.

*Waya haurudi ndani.* Uvute wote nje, uufute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo mashine ikiwa imechomolewa, uukaushe, kisha ubonyeze tena huku ukiuongoza kwa mkono. Mchanga ulionata kwenye waya ndio unaoukamata.

*Cheche nyingi za buluu na harufu ya umeme.* Mara nyingi ni kaboni za mota zimeisha. Ni vipande vidogo, na fundi wa mota anavijua. Mota yenyewe ikiwa imeungua, ulizia bei ya mpya kabla hajaanza kufungua. Ikipita nusu ya bei ya mashine, usitengeneze. Bakiza hozi, bomba na vichwa. Vingi ni vya kipenyo cha milimita 32 au 35, na vitaingia kwenye mashine yako inayofuata ukipima kabla ya kununua.